Viraka katika hifadhidata ya klasta: kwa nini kazi haiishii kwenye seva ya mwisho

Kampuni nyingi za Mombasa zinazotegemea hifadhidata usiku na mchana, kuanzia mawakala wa forodha wanaohudumia Bandari ya Kilindini hadi hoteli za Nyali na vyama vya akiba na mikopo, zimekubali gharama ya klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama mfumo mmoja, kwa sababu moja kubwa: seva moja ikizimika, nyingine iendelee kuhudumu. Sababu hiyo ni ya haki. Hata hivyo imezaa imani kwamba mwenye klasta anaweza kuweka viraka vya programu, yaani marekebisho ya hitilafu na udhaifu wake, wakati wowote, seva moja baada ya nyingine, na mtumiaji asihisi lolote. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila imeiacha nje sehemu ngumu ya kazi, ambayo ndiyo nitakayoieleza hapa: kwamba kwa muda fulani mfumo mmoja huendeshwa na programu za viwango viwili tofauti, na kwamba kiraka hukamilika ndani ya hifadhidata yenyewe, baada ya seva zote kuwa zimekwisha kuwaka.

Wapo wanaoona kwamba maadamu mfumo unafanya kazi, heri kuuacha ulivyo. Historia haiwaungi mkono. Tarehe 25 Januari 2003, programu hasidi iliyoitwa Slammer ilienea duniani kupitia udhaifu uliokuwa ndani ya hifadhidata ya Microsoft SQL Server. Katika dakika 10 hivi za mwanzo ilikuwa imezifikia nyingi ya seva zilizokuwa wazi kwake, na angalau kompyuta 75,000 ziliambukizwa. Kiraka cha kuuziba udhaifu huo kilikuwa kimetolewa Julai 2002, yaani miezi sita kabla. Waliodhurika walikuwa na dawa mkononi na hawakuitumia, na sababu ya kutoitumia inayosikika katika ofisi zetu leo ni hii: hakuna saa ya kuzima mfumo. Kwa Kenya sababu nyingine imeongezeka, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayetunza data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data hizo zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe. Ni vigumu kueleza uvujaji uliopitia tundu ambalo kiraka chake kimekaa miezi bila kuwekwa.

Nitatumia Oracle RAC, hifadhidata ya klasta ya kampuni ya Oracle, kuwa mfano mkuu, kwa kuwa ndiyo klasta iliyozoeleka katika taasisi kubwa, na kwa kuwa mgawanyo wa tabaka zake unaonyesha vizuri mahali ambapo kazi huharibika. Katika mfumo huo, ulioanza kutumika kwa jina hilo mwaka 2001 pamoja na toleo la Oracle 9i, hifadhidata ni moja na faili zake zimo katika diski zinazoshirikiwa, lakini huendeshwa kwa wakati mmoja na seva mbili au zaidi. Kila seva ina michakato yake na kumbukumbu yake, ambazo kwa pamoja huitwa instansi. Chini ya instansi kuna Grid Infrastructure, programu inayozifanya seva zijuane, inayosimamia diski za pamoja, na inayoamua ni seva ipi ibaki na ipi iondolewe mawasiliano yanapokatika. Chini zaidi kuna mfumo endeshi. Kila tabaka lina viraka vyake, na katika kila seva programu za Grid Infrastructure na za hifadhidata hukaa katika saraka zilizotengana. Klasta ya seva mbili, kwa hiyo, ina saraka zisizopungua nne za kuwekewa viraka, kabla hata hujaugusa mfumo endeshi.

Tangu 2005 Oracle imekuwa ikitoa viraka vya usalama kila robo mwaka, katika Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kuanzia 2017, kwa matoleo ya 12.2 na kuendelea, marekebisho hutolewa kwa mafungu ambayo kila moja limejumuisha yaliyotangulia, hivyo aliyekosa fungu la Aprili hahitaji kulirudia akiweka la Julai. Hilo limerahisisha mambo mengi. Halijaondoa tatizo la viraka vya pekee, vile ambavyo mteja alipewa siku moja kutibu hitilafu yake mahususi, kisha akavisahau. Fungu jipya linaweza kugongana navyo, na njia ya kujua ni kukagua mgongano kwa OPatch, zana ya Oracle ya kuweka viraka, siku kadhaa kabla ya kazi, ili mtengenezaji awe na muda wa kutoa kiraka kingine kinachooana na fungu jipya. Anayeugundua mgongano saa nane usiku, huduma ikiwa tayari imezimwa kwenye seva ya kwanza, hana njia nzuri ya kutokea.

Maandalizi mengine ni ya kawaida na nitayapitia kwa haraka. Maelezo yanayoambatana na kiraka husomwa yote, hata kama robo iliyopita yalikuwa karibu sawa, maana humo ndimo panapoandikwa kama kiraka kinaweza kuwekwa kwa zamu au ni lazima seva zote zizimwe pamoja. OPatch yenyewe husasishwa katika kila saraka ya kila seva. Nakala rudufu ya hifadhidata huchukuliwa, na ile ya saraka za programu pia. Nafasi ya diski huangaliwa, na hapa niongeze neno: OPatch huhifadhi vitu vya viraka vya zamani ili viweze kuondolewa baadaye, na katika seva iliyowekewa viraka miaka mitatu au minne mfululizo hazina hiyo hukua hadi ikaijaza diski katikati ya kazi. Saraka iliyokatikiwa nafasi njiani hubaki nusu ikiwa ya kale na nusu mpya, na kuiponya kunachukua muda mrefu kuliko kuweka kiraka chenyewe.

Sasa tuingie katika uwekaji wa zamu. Wakazi wa Mombasa wanaujua utaratibu huu kutokana na feri za Likoni: moja hupelekwa kufanyiwa matengenezo, nyingine zinaendelea kuvusha, na kivuko hakifungwi. Lakini aliyewahi kusimama Likoni saa kumi na moja jioni siku ambayo feri moja haipo anaijua pia bei ya utaratibu huo. Klasta ya seva mbili ambazo kila moja inatumia asilimia 60 ya uwezo wake wa uchakataji ina mzigo wa asilimia 120 kwa seva moja, na hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu tu mfumo umenunuliwa kwa bei kubwa. Mfumo hautazimika, ila utapunguza mwendo hadi watumiaji waseme umezimika, na kwao tofauti ya mambo hayo mawili haina maana. Kabla ya kukubali kuweka kiraka kwa zamu, pima mzigo wa saa utakayoifanyia kazi, tena wa siku ile ile ya juma na ya mwezi, kisha uulize kama seva zitakazobaki zinaubeba. Kama haziubebi, afadhali kutangaza saa moja ya kufunga huduma kuliko kuahidi huduma isiyokatika ambayo haitakuwepo.

Seva ya kwanza haizimwi ghafla. Huduma zake huhamishwa, na miunganisho iliyomo huachwa iishe yenyewe ndani ya muda uliowekwa. Hii ndiyo hatua ninayoona inadharauliwa kupita zote. Fikiria ofisi ya wakala wa forodha yenye makarani wa zamu ya usiku. Msimamizi ameagiza huduma ihamie seva ya pili, na kwenye skrini anaiona idadi ya miunganisho ikishuka kutoka mia kadhaa hadi makumi, kisha tano, kisha mmoja. Huo mmoja haushuki. Akiufuatilia anakuta ni karani aliyefungua fomu ya tamko la mzigo, akaanza kubadilisha idadi ya kontena, akaondoka kwenda kunywa chai kabla ya kuhifadhi. Muamala wake ungali wazi na umeshikilia kufuli kwenye safu ya jedwali. Akikatwa, mabadiliko yake yatarudishwa nyuma. Hilo ni salama kwa data, lakini karani atarudi akute ujumbe wa hitilafu asioulewa, na pengine ataamini kazi yake ilihifadhiwa. Programu iliyoandikwa vizuri hupokea taarifa ya seva kuondoka, hufungua muunganisho mpya kwenye seva nyingine na, ikiwezekana, huurudia muamala. Programu nyingi hazikuandikwa hivyo. Kwa hiyo mazungumzo na wanaoandika programu ni sehemu ya kuweka kiraka, na hayafai kungojea usiku wa kazi.

Usiku huo huo hufichua jambo jingine. Klasta huwa na jina moja la pamoja ambalo programu zote zinatakiwa zilitumie ili ombi lipelekwe kwenye seva iliyo hai. Siku zote kuna programu moja, aghalabu ya ripoti au ya mizani ya kupimia magari, ambayo aliyeiweka aliandika anwani ya seva ya kwanza moja kwa moja. Imefanya kazi miaka mingi na hakuna aliyejua. Seva ya kwanza ikizimwa, programu hiyo hufa peke yake huku klasta ikiwa nzima. Dawa ni kuorodhesha mapema kila mashine inayounganishwa na kila seva pamoja na jina la huduma iliyotumia, na kuwasaka wote wasiopitia huduma zinazohamishika.

Seva ikishakuwa tupu, zana ya opatchauto huzima Grid Infrastructure na instansi, huweka kiraka katika saraka zote mbili, kisha huziwasha tena. Hapo klasta huingia katika hali ambayo inastahili heshima kubwa kuliko inavyopewa: seva moja ina kiwango kipya, nyingine ina kiwango cha zamani, na zote mbili zinaandika katika faili zile zile. Mtengenezaji ameuruhusu mchanganyiko huo kwa viraka alivyovithibitisha kuwa vya zamu, na ameuruhusu ili uvukwe, hakukusudia watu waishi ndani yake. Amri ya crsctl query crs activeversion -f huonyesha hali hiyo kwa uwazi, kwani badala ya kusema klasta iko katika hali ya kawaida, husema iko katikati ya kiraka cha zamu. Wakati huo haifai kuongeza diski, kusawazisha data upya, wala kubadilisha muundo wa klasta. Nimewahi kusikia ikipendekezwa kwamba seva ya kwanza iwekewe kiraka Jumamosi hii na ya pili Jumamosi ijayo, ili kiraka kijaribiwe juma zima kwa mzigo wa kweli. Wanaopendekeza hivyo wana nia njema, lakini wanachojaribu juma hilo ni mchanganyiko, na mchanganyiko ndio usiotakiwa kubaki. Mahali pa kujaribia ni klasta ndogo ya majaribio yenye toleo lile lile na viraka vile vile, hata ikiwa ni ya mashine pepe (virtual machines) mbili zilizowekwa juu ya seva moja ya kawaida.

Mfumo endeshi nao una mtego wake. Baadhi ya sehemu za kusimamia diski hutegemea kiini (kernel) cha mfumo endeshi, kwa hiyo kiini kikisasishwa kabla ya kuhakikisha kwamba kinaoana na Grid Infrastructure, seva inaweza kuwaka isizione diski za pamoja. Vivyo hivyo, kama usasishaji umewasha ukuta wa ulinzi ambao zamani ulikuwa umezimwa, na ukuta huo ukaufunga mtandao wa ndani ambao seva huutumia kujuliana hali, seva haitaweza kujiunga na wenzake. Kwa kawaida mpaka wa ukimya unaovumiliwa katika mtandao huo ni sekunde 30, na seva inayouvuka huondolewa kwenye klasta ili isiharibu data. Ndiyo maana ninapinga kuweka viraka vya mfumo endeshi na vya hifadhidata katika usiku mmoja, ijapokuwa inaonekana ni kuokoa muda. Jambo likiharibika, hujui umshike nani.

Seva ya mwisho ikiwaka, watu hupongezana na kwenda kulala. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Kilichobadilishwa hadi sasa ni faili za programu zilizo nje ya hifadhidata, ilhali ndani ya hifadhidata mna majedwali ya mfumo, vifurushi vya taratibu na mionekano (views) ambayo kiraka kinahitaji kuyabadilisha pia. Kazi hiyo hufanywa na zana iitwayo datapatch, mara moja tu kwa kila hifadhidata, kutoka seva yoyote, baada ya seva zote kuwa katika kiwango kipya. Ikiachwa, hifadhidata itafunguka, watumiaji wataingia, ripoti zitatoka, na orodha ya OPatch itaonyesha kiraka kipo. Udhaifu ambao ulitakiwa uzibwe kwa kubadilisha taratibu za ndani utabaki wazi vile vile. Mkaguzi anayeangalia orodha ya OPatch pekee atatia sahihi akiwa amedanganyika, na pengine mwenye mfumo pia.

Zana ya opatchauto hujaribu kuiendesha datapatch yenyewe ikifika kwenye seva ya mwisho, na hilo limewafanya wengi waisahau kabisa. Isahaulike vipi, na hifadhidata za siku hizi hubeba ndani yake hifadhidata nyingine ndogo zinazochomekwa? Datapatch huzifikia zile tu zilizo wazi wakati huo. Ile ya majaribio iliyofungwa, au ya kampuni tanzu ambayo hufunguliwa mwisho wa mwaka peke yake, itarukwa, na siku itakapofunguliwa itakuwa haikubaliani na mwenyeji wake na huenda ikafunguka kwa masharti, isiingiwe na watumiaji wa kawaida. Kwa hiyo zifungue zote kwanza, endesha datapatch, kisha usome mwonekano wa DBA_REGISTRY_SQLPATCH ndani ya kila moja. Neno la kutafuta ni SUCCESS. Likiwa jingine, kiraka hakijawekwa, hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Hesabu pia vipengee vilivyobatilika, yaani taratibu na mionekano isiyoweza kutumika tena, na uvilinganishe na hesabu ya kabla ya kazi, maana bila hesabu ya kabla huwezi kusema kilichoharibika kimeharibiwa na nini.

Wenye hifadhidata ya akiba, yaani nakala inayoifuata ile kuu ili ichukue nafasi yake ikianguka, kwa mfano kampuni ya Mombasa iliyo na kituo cha pili Nairobi, wana nafasi ya kuanzia huko: programu za upande wa akiba huwekewa kiraka kwanza zikaangaliwa, kisha zile za upande mkuu. Datapatch haiendeshwi upande wa akiba. Huendeshwa upande mkuu baada ya pande zote mbili kukamilika, na mabadiliko yake husafiri pamoja na data.

Klasta nyingine hufuata mantiki ya karibu na hiyo kwa sheria zake. PostgreSQL, ambayo viraka vyake vya kawaida hutoka Februari, Mei, Agosti na Novemba, kwa kawaida huhitaji kubadilisha programu na kuwasha upya tu, tena kwa kuanza na nakala zinazofuata, kisha kuhamisha uongozi, kisha kumalizia aliyekuwa kiongozi. Hilo ni kwa viraka ndani ya toleo kuu moja; kuhamia toleo kuu jingine ni kazi tofauti kabisa. Katika Galera, inayotumiwa na MySQL na MariaDB, kila seva ina nakala yake ya data, na iliyotoka kwa muda hurudi kwa kupokea mabadiliko iliyoyakosa. Ikikaa nje hadi mabadiliko hayo yakafutika katika hazina ya muda ya wenzake, italazimika kunakiliwa data yote upya, na hifadhidata ya gigabaiti mia kadhaa itageuza dakika 20 za kiraka kuwa kazi ya usiku kucha. Ongeza ukubwa wa hazina hiyo kabla ya kuanza.

Saa ya kufanyia kazi hairithiwi kutoka kwenye mwongozo wa mtu aliye mbali. Miongozo husema usiku wa manane wa mwisho wa juma. Kilindini hupokea meli usiku na mchana, na makarani wa mizigo hawana usiku wa manane. Katika mwezi wa Ramadhani maduka ya Biashara Street hufungua hadi usiku mwingi, hasa katika kumi la mwisho, na watu huwa macho tena wakati wa daku, kwa hiyo saa tisa usiku ambayo miezi mingine ni kimya inaweza kuwa na malipo mengi ya simu. Tarehe 9 na tarehe 20 za kila mwezi ni mwisho wa kuwasilisha kodi za mishahara na za ongezeko la thamani, na siku zinazozitangulia idara za hesabu hazitaki kusikia habari ya kiraka. Michoro ya mzigo ya mfumo wako mwenyewe, iliyokusanywa miezi kadhaa, ndiyo itakayokuambia saa yako ni ipi.

Pamoja na saa ya kuanza, andika saa ya kurudi nyuma. Kama dirisha ni la saa nne na kurejesha hali ya zamani huchukua saa moja na nusu, basi baada ya saa mbili na nusu hakuna kujaribu tena. Anayeongoza kazi hurejesha, hata kama anahisi amebakisha hatua moja. Njia inayorahisisha uamuzi huo ni kuandaa saraka mpya ya programu kando ya ile ya zamani, kuiwekea viraka mchana bila kugusa huduma yoyote, na usiku kuhamisha tu instansi kutoka saraka moja kwenda nyingine. Muda wa kila seva kuwa chini hupungua, na kurudi nyuma ni kuhamia ile ya zamani ambayo haijaguswa, pamoja na kuendesha datapatch tena ili iyaondoe mabadiliko ya ndani kama yalikwisha kuingizwa. Inahitaji diski zaidi, na kwa bei ya diski za leo sioni sababu ya kuikataa. Saraka ya zamani iachwe mahali pake mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zipite salama kwenye programu mpya, na ndipo iondolewe kwenye seva zote pamoja na kwenye orodha kuu ya programu za Oracle.